Kwa nini makampuni makubwa ya ujenzi huungana? Mkulima na mchuuzi wa Mkuyuni wana la kujifunza

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

UKISIMAMA kituoni Mkuyuni, Wilaya ya Morogoro Vijijini, wakati wa msimu wa ndizi na mananasi, utaona utaratibu ambao wachuuzi wa safu ya Uluguru wameuzoea. Mwenye mikungu 40 ya ndizi hakodi lori peke yake kwenda Dar es Salaam, kwani nauli ingemeza faida yote. Anatafuta wenzake wawili au watatu, wanachangia nauli, wanagawana nafasi ndani ya lori, na mmoja wao anapanda juu kusindikiza mzigo. Lori likikwama kwenye utelezi wakati wa masika, mzigo ukaoza, hasara ni ya wote.

Huo ni ubia. Haujaandikwa popote, hauna mwanasheria wala muhuri, lakini una mambo yote ya msingi: mtaji wa pamoja, kazi iliyogawanywa, faida inayogawanywa na hatari inayobebwa kwa pamoja.

Makampuni makubwa ya ujenzi duniani hufanya jambo hilo hilo. Tofauti ni kwamba badala ya mikungu ya ndizi wanazungumzia mabwawa, reli na madaraja, na badala ya nauli ya lori wanazungumzia mabilioni ya shilingi.

Wakazi wa Mkuyuni hawako mbali na habari hizo. Barabara inayopita kijijini hapo, inayoanzia Bigwa nje kidogo ya mji wa Morogoro na kupitia Kiroka, Mkuyuni, Matombo na Mvuha hadi Kisaki, inaelekea upande ule ule lilikojengwa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, mpakani mwa wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Bwawa hilo limejengwa na ubia wa makampuni mawili ya Misri. Upande wa pili wa mkoa, reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ilisainiwa na ubia wa kampuni ya Uturuki na ya Ureno.

Swali ambalo mkulima au mfanyabiashara mdogo anapaswa kujiuliza ni hili: kama makampuni haya ni makubwa kiasi hicho, kwa nini hayafanyi kazi peke yake? Na yakiungana, mtu wa kawaida anayewauzia chakula, mchanga au matunda anapata nini na anaweza kupoteza nini?

Wawili walioligawana bwawa

Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere ulisainiwa Desemba 12, 2018 kati ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) na ubia wa Arab Contractors na Elsewedy Electric. Waziri Mkuu wa Misri, Moustafa Madbouly, alikuja Dar es Salaam kushuhudia. Thamani ya mkataba ilikuwa takriban Sh6.5 trilioni na mitambo iliyotakiwa ni tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115.

Arab Contractors ni kampuni ya serikali ya Misri iliyoanzishwa na mhandisi Osman Ahmed Osman mwaka 1955, na ilishiriki katika ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan katika Mto Nile. Inajua kuchimba miamba, kumwaga zege na kuzuia mto. Elsewedy Electric ni kampuni binafsi inayofahamika kwa nyaya, transfoma na kazi za umeme.

Bwawa la kuzalisha umeme linahitaji mikono yote miwili. Ukiwa na ukuta bila mitambo umejenga ziwa tu. Ukiwa na mitambo bila ukuta umenunua vyuma vya kukaa ghalani. Kampuni ya kwanza ingeweza kuomba kazi peke yake kisha ikaajiri mtu wa umeme kama mkandarasi mdogo, lakini hapo ingebeba lawama yote kama umeme usingewaka. Kwa kuingia ubia, fundi wa zege na fundi wa umeme wote wanasaini mbele ya mwenye mradi na wote wanawajibika.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya ubia: kuunganisha ujuzi ambao kampuni moja haina.

Hesabu ya zabuni

Sababu ya pili haionekani eneo la kazi. Iko kwenye makaratasi ya zabuni.

Mwenye mradi, au benki inayomkopesha, huweka masharti kwa anayeomba kazi. Anataka kuona kampuni imewahi kufanya kazi ya aina hiyo, ina mitambo, ina wahandisi, na kwamba mapato yake ya mwaka yanalingana na ukubwa wa kazi. Kampuni isiyotimiza sharti moja hutolewa hata kama bei yake ni nzuri.

Tuchukue mfano wa hesabu. Zabuni ya barabara inataka mwombaji awe na wastani wa mapato ya Sh40 bilioni kwa mwaka. Kampuni A ina Sh25 bilioni na kampuni B ina Sh15 bilioni. Kila moja peke yake imeshindwa. Zikiungana zinafikisha Sh40 bilioni kamili.

Lakini si kila muungano unakubaliwa. Katika nyaraka nyingi za zabuni zilizofuata utaratibu wa Benki ya Dunia, mbia kiongozi alitakiwa kufikisha angalau asilimia 40 ya sharti la fedha, na kila mbia mwingine angalau asilimia 25. Katika mfano wetu kiongozi anahitaji Sh16 bilioni na mwenzake Sh10 bilioni. A na B wanapita. Kampuni C yenye mapato ya Sh3 bilioni ikijaribu kuingia kama mbia haifiki. Njia iliyobaki kwake ni kuwa mkandarasi mdogo, yaani kupewa kipande cha kazi na wale walioshinda.

Ndiyo maana tunaona ubia mwingi wenye wabia wawili au watatu wakubwa, na makampuni yetu madogo yako chini yao. Si kila mara ni dharau. Mara nyingi ni hesabu.

Fedha, dhamana na hofu ya hasara

Sababu ya tatu ni mtaji. Mkandarasi anapopewa kazi hutakiwa kuleta dhamana ya benki kwamba ataitekeleza, na mara nyingi dhamana hiyo ni karibu asilimia 10 ya mkataba. Kazi ya Sh100 bilioni inahitaji dhamana ya Sh10 bilioni. Akitaka malipo ya awali, analeta dhamana nyingine. Benki nayo haitoi dhamana bure, inataka mali ya kushika.

Kwa bwawa la Rufiji, mwaka 2019 benki za ndani na nje ziliungana kutoa dhamana, CRDB ikiwa miongoni mwao. Hata benki zenyewe, kwa mzigo mkubwa kiasi hicho, ziliona hakuna sababu ya moja kubeba peke yake.

Hali hiyo si ngeni hapa Morogoro. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907 ilijengwa na kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann, huku fedha zikikusanywa na kundi la mabenki lililoongozwa na Deutsche Bank. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Februari 2017, mkataba wa reli mpya kati ya miji hiyo hiyo miwili ulisainiwa na ubia wa Yapı Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno, kwa takriban Dola za Marekani bilioni 1.2. Treni za abiria za reli hiyo zilianza safari Juni 2024.

Pamoja na mtaji kuna hofu ya hasara. Kazi ya ujenzi ina mambo mengi yasiyojulikana mpaka uchimbe. Mwamba unaweza kuwa mbovu, mvua inaweza kuzidi, bei ya nondo na mafuta inaweza kupanda. Bwawa la Julius Nyerere lilitakiwa kukamilika Juni 2022. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024, na mitambo yote tisa ikakamilika mwaka 2025. Kila mwezi unaozidi una mishahara, mitambo na riba za kulipa. Mzigo wa namna hiyo ukigawanywa kwa wawili, kila mmoja anabaki na nafasi ya kupumua.

Mgeni anahitaji mwenyeji

Sababu ya nne inahusu nchi yenyewe. Kampuni ya nje ikija Tanzania hukuta sheria asizozijua, lugha asiyoijua, utaratibu wa ardhi, vibali, ajira na kodi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1997, huisajili kampuni ya kigeni kwa muda kwa ajili ya mradi maalumu. Kuwa na mbia mwenyeji kunapunguza safari za kupotea maofisini.

Aidha, sheria za ununuzi wa umma zimekuwa zikitoa upendeleo kwa wazawa. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake za mwaka 2024, kiwango cha kazi zilizotengwa kwa ajili ya makampuni ya wazawa kilipandishwa kutoka Sh10 bilioni hadi Sh50 bilioni. Kwa hiyo mgeni anayetaka kuonekana kwenye soko letu ana sababu ya kumtafuta mwenyeji.

Mwenyeji naye ana sababu zake. Anapata uzoefu wa maandishi. Akishiriki kujenga daraja kubwa kama mbia, safari ijayo anaweza kuandika kwenye zabuni kwamba amewahi kujenga daraja kubwa. Karatasi hiyo ina thamani kuliko hata faida ya kazi yenyewe.

Tatizo ni ubia wa jina. Kampuni ya mwenyeji inaweka muhuri wake, inapewa asilimia kidogo ya fedha, na haionekani tena mpaka siku ya uzinduzi. Haina mhandisi eneo la kazi na haijui hesabu. Ubia wa namna hiyo haumfundishi mtu chochote, na kazi ikiharibika sahihi ya mwenyeji iko palepale.

Ubia pia haulazimiki kuwa na mwenyeji, wala wabia wa taifa moja. Daraja la Mto Nile pale Jinja, Uganda, lenye urefu wa mita 525 na lililozinduliwa Oktoba 2018, lilijengwa na ubia wa Zenitaka ya Japani na Hyundai ya Korea Kusini, kwa mkopo wa Japani na fedha za Serikali ya Uganda. Wakati mwingine wabia hutoka nchi moja, kama ilivyokuwa kwa reli ya Mwanza hadi Isaka iliyosainiwa mwaka 2021 na makampuni mawili ya China, CCECC na CRCC.

Mmoja akifa, aliyebaki hulipa

Hata hivyo, ubia si dawa ya kila ugonjwa. Kifungu kizito zaidi katika mikataba hii ni kile kinachosema wabia wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake ni kwamba mmoja akishindwa, mwenye mradi hana haja ya kumfuata aliyeanguka. Anamfuata aliyesimama, na huyo atalazimika kumaliza kazi yote.

Hilo lilitokea Uingereza. Kampuni ya Carillion ilikuwa mbia wa Balfour Beatty na Galliford Try katika ujenzi wa barabara ya mzunguko ya mji wa Aberdeen, Scotland. Januari 2018 Carillion ilifilisika. Wabia wawili waliobaki walilazimika kumaliza barabara hiyo na kubeba sehemu ya gharama iliyokuwa ya mwenzao.

Huko Panama, ubia ulioongozwa na Sacyr ya Hispania, pamoja na Impregilo ya Italia, Jan De Nul ya Ubelgiji na kampuni moja ya Panama, uligombana na wenye mfereji kuhusu nyongeza ya gharama ya takriban Dola bilioni 1.6. Kazi ikasimama kwa muda Februari 2014. Mfereji mpya ulifunguliwa Juni 2016, lakini ugomvi wa fedha uliendelea mbele ya wasuluhishi.

Mchuuzi wa ndizi anaijua hatari hii. Wenzako wawili wakishindwa kulipa sehemu yao ya nauli, mwenye lori hatakuambia wewe ulilipa yako. Atashika mzigo wote.

Mchuuzi auze kwa nani?

Hapa ndipo habari hii inapofika mlangoni kwa msomaji. Kambi ya ujenzi ikija karibu na kijiji, inahitaji mchele, maharage, ndizi, mboga, kuku, mayai, nyumba za kupanga, mchanga na kokoto. Ni soko zuri kuliko kusubiri gari la kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini. Lakini ni soko lenye mitego, na mtego mkubwa ni kutojua unamuuzia nani.

Ubia mwingi wa ujenzi ni mkataba tu kati ya makampuni. Una jina, una bango barabarani, una akaunti ya benki, lakini hauna uhai baada ya mradi kwisha. Chini yake kuna wakandarasi wadogo, na chini ya hao kuna mawakala wa chakula na usafiri. Gari lenye nembo ya ubia linapokuja kuchukua gunia zako 20 za mchele, huenda anayenunua si ubia bali ni wakala wa mkandarasi mdogo. Asipolipa, ukienda ofisi kuu utaambiwa hawakufahamu, na kwa karatasi watakuwa wanasema kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa mzigo kwa mkopo, mfanyabiashara azingatie mambo haya:

Kwanza, aulize jina kamili la kampuni inayonunua na aone usajili wake na namba ya mlipakodi. Jina la bango si jina la mnunuzi.

Pili, apate hati ya oda kwa maandishi yenye kiasi, bei na tarehe ya malipo, na kila mzigo unaopokelewa usainiwe na mpokeaji. Nakala moja ibaki kwake.

Tatu, asikopeshe zaidi ya mtaji anaoweza kuumia nao na bado akasimama. Mwenye mtaji wa Sh2 milioni akikopesha Sh1.8 milioni, ameshaacha kuwa mfanyabiashara, amekuwa benki ya mkandarasi.

Nne, wakulima wauze kwa kikundi au chama cha ushirika pale inapowezekana. Kambi ya watu mia kadhaa haiwezi kununua mkungu mmoja mmoja kutoka kwa watu 50. Inamtaka mtu mmoja anayeleta mzigo kila Jumatatu bila kukosa. Kikundi kisipoundwa, nafasi hiyo huchukuliwa na dalali kutoka mjini, na mkulima wa Mkuyuni anauza kwa bei ile ile ya zamani.

Tano, kuhusu mchanga, kifusi na kokoto, uchimbaji wa biashara unahitaji leseni ya madini ya ujenzi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya Uluguru ni ya ukoo na kwa Waluguru hurithiwa kwa upande wa mama, kijana mmoja asisaini peke yake kumruhusu mkandarasi kuchimba shamba ambalo mama zake wakubwa na wadogo, wajomba na dada zake nao wana haki nalo. Shimo likishachimbwa halirudi kuwa shamba, na ugomvi wa ukoo hudumu kuliko barabara.

Somo kwa wadogo

Wapo makandarasi wadogo wilayani, wa madaraja ya chini ya CRB, wanaojenga madarasa, zahanati na makalvati. Hao pia wanaweza kuungana badala ya kupigana vikumbo kwenye zabuni moja na kushusha bei mpaka kazi inakuwa ya hasara. CRB imekuwa ikihimiza ubia wa wazawa, na ina Mfuko wa Kusaidia Makandarasi unaowapa wadogo dhamana za zabuni na za malipo ya awali.

Iwe ni ubia wa makandarasi, wa mashine ya kukoboa mpunga au wa lori la ndizi, mambo ya kukubaliana kabla ya kuanza ni yale yale wanayoandika Wamisri na Waturuki: nani analeta nini, nani ni kiongozi, fedha zinakaa akaunti gani na nani wawili wanasaini, faida na hasara zinagawanywaje, mmoja akitaka kutoka anatokaje, na mkigombana mnakwenda kwa nani.

Makampuni makubwa hayaungani kwa sababu yanapendana. Yanaungana kwa sababu kila moja limepiga hesabu na kuona peke yake halifiki. Yakishaona hivyo, yanaandika kila kitu, kwa sababu yanajua siku ya hasara itafika na siku hiyo hakuna anayekumbuka maneno ya mdomo.

Wachuuzi wa Mkuyuni tayari wanafanya nusu ya kwanza kila msimu. Nusu ya pili inahitaji daftari, kalamu na mashahidi wawili, nayo ifanyike kabla lori halijapakiwa.